UZI: "OK" haina uhusiano na maiti wala vita, ilizaliwa na utani wa magazeti ya Boston. Na mlimani imeshanidanganya

Mtu wa Machame (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wakubwa wote shikamooni.

Juzi kwenye kundi letu la waongoza watalii lilipita tena lile andiko linalozunguka kila baada ya miezi michache: eti "OK" ni kifupisho cha "0 Killed", yaani hakuna aliyeuawa. Kwamba askari wa Marekani wakirudi kambini bila kupoteza mwenzao waliandika sifuri na herufi K ubaoni, na dunia nzima ikalirithi neno kutoka hapo. Chini yake watu wameshukuru, wameweka dole gumba, mmoja kaandika "elimu haina mwisho". Mimi usingizi ulikata. Neno hili nalisema kutwa nzima, na limeshawahi kunidanganya mahali ambapo kudanganywa kunaua. Nimelifuatilia miaka mingi, na leo naomba niliweke lote mezani. Uzi ni mrefu, mwenye chai ashike kikombe kabisa.

Tuanze na hiyo sifuri. Wanaosambaza andiko hilo hutaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861. Wengine husema ni Vita Kuu ya Kwanza. Lakini "o.k." ilishachapwa kwenye gazeti la Boston Morning Post siku ya Jumamosi, tarehe 23 Machi 1839. Yaani miaka 22 kabla ya hivyo vita vya mwanzo. Na ukiisoma habari yenyewe hukuti askari, hukuti ubao, hukuti kambi. Unakuta wahariri wawili wanataniana.

Mhariri wa Boston, Charles Gordon Greene, alikuwa anamrudishia makombora mwenzake wa mji wa Providence. Mada ilikuwa safari ya kikundi cha watani wa Boston kilichojiita Anti-Bell-Ringing Society, Chama cha Kupinga Upigaji Kengele. Greene akaandika kwamba wangepita Providence, basi yule mwenzake na watu wake wangekuwa na kila kitu "o.k.", na palepale akaweka maana yake, "all correct", yote sahihi, na vizibo vya chupa vingeruka juu kama cheche. Hivyo ndivyo neno linalojulikana kuliko karibu maneno yote duniani lilivyoingia kwenye maandishi: katikati ya sentensi ya kejeli, jirani na vizibo vya chupa.

Sasa utani uko wapi? "All correct" inaanza na A na C. Kwenye "O.K." hakuna herufi hata moja iliyo sahihi. Ni kifupisho cha "oll korrect", maandishi ya mtu ambaye shule ilimpita mbali. Unatangaza kwamba yote ni sahihi huku umekosea herufi zote mbili. Ndicho kichekesho chenyewe, na watu wa Boston wa wakati ule walikielewa mara moja kwa sababu walikuwa navyo vingi vya namna hiyo. Walikuwa na "O.W." kwa "oll wright", yaani "all right" iliyokosewa kwa makusudi. Walikuwa na "K.G." kwa "know go", mahali pa "no go", haiwezekani. Walikuwa na "N.C." kwa "nuff ced", yatosha, usiongeze neno. Ulikuwa msimu, na vijana wajanja wa mjini waliushika kama vijana wa mji wowote wanavyoshika msimu.

Mwenye umri wangu hapa Bongo hawezi kusema haelewi. Mnakumbuka enzi za meseji za kitochi? "Xaxa mambo." "Xawa bac." "Cjui m2 wangu." Wakubwa walisema ni kubana herufi ili meseji isizidi. Hesabuni basi: "sasa" ina herufi nne, "xaxa" ina herufi nne. Hakuna hata senti iliyookolewa. Ile X ilikuwa pambo. Ilikuwa inasema: mimi najua inavyoandikwa, na wewe unajua kwamba najua, ila leo tunaandika hivi. "Oll korrect" ni hivyo hivyo, wala haihitaji maelezo zaidi ya hayo.

---

bintiPwani

Kaka wa Machame, hapo kwenye kuchezea neno hujafika kwetu. Bibi zetu walikuwa na kinyume. Unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele, "nyama" inakuwa "manya", "sawa" inakuwa "wasa". Wakianza, watoto tunabaki tumekodoa macho, hatujui kama tunasengenywa au tunaandaliwa zawadi. Kwa hiyo mimi hilo la Boston halinishangazi. Linalonishangaza ni kwamba kinyume chetu kilibaki barazani, hiyo yao imefika hadi kwa mwanangu wa miaka miwili anayenijibu "oke mama". Ilipona vipi wakati zile nyingine zote, hizo KG sijui NC, zimekufa?

---

Mtu wa Machame

Dada bintiPwani, umegusa penyewe. Misimu mingi hufa, na OK nayo ilikuwa njiani kufa. Iliokolewa na uchaguzi.

Mwaka 1840 rais wa Marekani alikuwa Martin Van Buren, wa nane, anatetea kiti chake. Alikuwa mtu wa kijiji cha Kinderhook katika jimbo la New York, ambako watu bado walizungumza Kiholanzi, na yeye mwenyewe Kiingereza alijifunza baada ya Kiholanzi cha nyumbani. Ndiye rais pekee wa Marekani ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Wafuasi wake wakampa jina la utani Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo: O.K. Pale New York wakaanzisha vikundi vya O.K. Club, na ule utani wa Boston wa mwaka mmoja nyuma ukakutana na jina la mgombea. Ukisema "Van Buren ni O.K." unakuwa umesema mambo mawili kwa pumzi moja: ndiye Mzee wa Kinderhook, na mambo yake yote yako sahihi. Nani anayejua kampeni zetu asiyeona utamu wa kauli mbiu kama hiyo?

Wapinzani nao hawakulala. Uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1837, benki zilifungwa, watu hawana kitu. Wakazichukua herufi zilezile na kuzipa maana yao: "Out of Kash", hana hela. Angalieni na wao walivyoandika "Kash" kwa K. Gazeti moja likaenda mbali zaidi, likazusha kwamba neno hilo lilitoka kwa rais aliyemtangulia Van Buren, Andrew Jackson, eti hakujua kuandika, akawa anaidhinisha nyaraka kwa "O.K." akidhani ndivyo "all correct" inavyoandikwa. Ulikuwa uzushi wa kisiasa, na hadi leo kuna wanaoamini.

Van Buren alishindwa. William Henry Harrison akaapishwa Machi 1841 na akafariki baada ya mwezi mmoja tu. Lakini kampeni ile ilikuwa imelitembeza neno nchi nzima, hadi kwa watu ambao Boston hawaijui wala hawana habari na msimu wake. Kisha telegrafu, simu ya kutuma herufi kwa waya, ikaingia. Samuel Morse alituma ujumbe wake maarufu kutoka Washington kwenda Baltimore mwezi Mei 1844, na baada ya hapo wapiga telegrafu, hasa wa reli, wakahitaji alama fupi ya kumjibu mwenzao wa upande wa pili kwamba ujumbe umefika na umesomeka. OK iliwafaa. Kwenye reli hukai ukitunga sentensi wakati treni inakuja. Hapo neno likaanza kazi ya maana, utani ukaanza kusahaulika, na mwisho hakuna aliyekumbuka kwamba liliwahi kuchekesha.

Ndiyo maana maana za kubuni zimejaa. Neno likishapoteza mama, kila mtu anajitokeza na cheti cha kuzaliwa. Sisi wenyewe mchezo huu tunaujua. Ukimwi ulipoingia, mitaani kwetu herufi za AIDS zilipewa maneno: "Acha Iniue, Dogodogo Siachi." Waliosema hivyo walijua fika wanatania, na utani wenyewe ulikuwa na uchungu ndani yake. Sasa fikiria mtu wa mwaka 2200 aokote kipande hicho cha karatasi na kuwatangazia wenzake kwamba hiyo ndiyo asili ya jina la ugonjwa. Hiyo "0 Killed" ni kitu cha aina hiyo.

---

Kaka Rungwe

Mkuu heshima yako, ila hapa naona umekimbia jambo. Nimewahi kusoma kwamba OK ni neno la Kiafrika, la Kiwolofu, lugha ya Senegal na Gambia, lilivuka bahari na watumwa. Kwa nini kila kitu kizuri tukiambiwa kimetoka Afrika tunakuwa wa kwanza kukataa, halafu tukiambiwa kimetoka Boston tunapiga makofi? Huyo mhariri hakuweza kulisikia kwa mtu mweusi akalipamba kwa herufi zake?

---

Mtu wa Machame

Kaka Rungwe, swali lako ni la haki, nami nakiri kwamba moyo wangu ulitamani jibu liwe ndiyo.

Hoja hiyo iliwekwa na mtaalamu wa lugha wa Uingereza, David Dalby. Kwa Kiwolofu "waaw" ni ndiyo, na "waaw kay" ni ndiyo ya mkazo, kama sisi tunavyosema "ndiyo hasa". Watu wa Senegambia walipelekwa Marekani utumwani, hilo halina ubishi, na maneno ya Kiafrika yalivuka nao, hilo pia halina ubishi. Kiingereza cha Marekani kina maneno yenye damu ya Afrika, kama "gumbo" na "goober", karanga, ambalo limetoka kwenye lugha za Kikongo na jamaa zake, "nguba". Kwa hiyo wazo lenyewe si la kuchekwa.

Lakini angalia ushahidi ulivyopangika. Upande wa Boston tuna neno kwenye karatasi, tarehe juu yake, maana pembeni yake, na ndugu zake wa msimu uleule wamelizunguka: O.W., K.G., N.C. Tunaweza kulifuata wiki kwa wiki, kutoka gazeti hadi gazeti, mji hadi mji, hadi linakutana na Van Buren. Kazi hiyo aliifanya profesa Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtu aliyechimbua magazeti ya zamani kurasa kwa kurasa na kutoa matokeo yake mwaka 1963 na 1964 kwenye jarida la American Speech. Upande wa Kiwolofu tuna maneno mawili yanayofanana sauti na maana, na kati yake na Boston hakuna hatua hata moja tunayoweza kuikanyaga. Mimi ni mtu wa njia, kaka. Nikiona mtu yuko kileleni hapa na mguu wa mlima uko pale, nauliza: alipitia wapi?

Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani, nao wana dai lao: "okeh" kwa lugha yao ni kitu kama "ndivyo ilivyo". Rais Woodrow Wilson alilikubali dai hilo kiasi cha kuandika "okeh" kwa mkono wake akiidhinisha nyaraka. Wagiriki wana "ola kala", yote mazuri. Waskoti wana "och aye". Kila mmoja anaweza kuonyesha mfanano. Njia hawana.

Na naomba niseme hili kwa moyo mweupe: Afrika haipungukiwi kitu. Tuna maneno yetu ya kutafuta na kuyaandikia historia, mengi, na yanazeeka na kufa wakati tunagombania la watu.

---

Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi, historia tumeipata. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari na kila siku nafuta "oke" kwenye insha. Wanafunzi wanabisha kwamba halina mbadala. Nawaambia "sawa" ipo, "haya" ipo, "vyema" ipo. Naomba msaada wako kwenye matumizi, maana wewe unazungumza na Wamarekani wenyewe. Wao wanalitumiaje? Ni sawasawa na "sawa" yetu?

---

Mtu wa Machame

Shikamoo mwalimu. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Sisi tulipolichukua neno hili tulichukua nusu yake. Kwa Mswahili "oke" ni kitu kizuri. Ukiniambia "mambo ni oke" nimefurahi. Kwa Mmarekani inategemea limekaa wapi kwenye sentensi na limetamkwaje.

Nitawapa la chakula. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, kambi ya Shira, na mpishi wetu, kijana mwenye bidii sana, alipika supu ya matango na kuku wa mchuzi mzito. Baada ya chakula akaja mlangoni mwa hema la kulia, kofia mkononi, akawauliza wageni kwa Kiingereza chake: chakula kilikuwaje? Mama mmoja akatabasamu akasema, "It was okay." Mpishi akarudi jikoni anang'aa. Oke! Kesho yake akapika vilevile, na keshokutwa pia. Siku ya tatu sahani zikarudi na kuku mzima mzima. Akaja kwangu anakaribia kulia: walisema oke, nimekosea wapi?

Hakukosea kupika. Kwa Mmarekani, chakula, hoteli, filamu, mchumba, chochote cha kupimwa ubora, ukisema ni "okay" umesema kinalika tu, kinapita. Ni "si haba" bila uchangamfu wa "si haba". Kizuri kweli kingeitwa "great", "delicious". Yule mama alikuwa na adabu. Alitafuta neno lisilosifu na lisiloumiza, na Kiingereza cha kwao kinalo hilo moja.

Halafu kuna la chai. Hili limemkuta kila mhudumu wa mezani ninayemjua. Unakuja na chupa ya chai, unauliza, "More tea?" Mgeni anajibu, "I'm okay." Kijana anasikia oke, anamimina. Mgeni ameshaweka kiganja juu ya kikombe. Niliona chai ya moto ikishuka kwenye vidole vya mtu namna hiyo, na kijana wa watu alitetemeka usiku kucha akidhani kazi imekwisha. "I'm okay" hapo ni "nimetosheka, asante". "That's okay" nayo ni hivyohivyo, "usijali, hapana". Neno ambalo kwetu ni ndiyo, hapo ni hapana.

Sauti nayo. "Okay" fupi, imekubali. "Okaaay" ya kuvuta, sauti inapanda mwishoni, haijakuamini. "OK, so" mwanzoni mwa maneno ni "haya sasa", tunaanza. "OK?" mwishoni ni "tumeelewana?" Kwenye meseji, herufi "K" peke yake huwakera Wamarekani wengi, ni kama mtu akikujibu huku ameshageuza mgongo. Na wana pia "okie-dokie", la miaka ya 1930, la mzaha na upendo, ambalo bibi anaweza kumwambia mjukuu. Hapo ule utani wa 1839 unachungulia tena dirishani.

Kwa hiyo mwalimu, jibu langu: halilingani na "sawa". "Sawa" ina uzito wake, ni ulingano, vitu viwili vimepimwa vikalingana. "Barabara" ni sahihi bila upinde, imenyooka kama njia. "Vyema" ina wema ndani yake. "Hewala" ya watu wa Pwani ina heshima na utiifu. Neno lililo karibu zaidi na OK ya Kimarekani ni "haya". Haya inafungua mazungumzo, inafunga mazungumzo, inakubali, inakubali kwa shingo upande, inaaga, inaonya. Na kama OK, ukiibana useme ina maana gani hasa, inakuponyoka. Insha za wanafunzi wako zinakosa "haya" pengine kwa sababu hatujawaonyesha inavyofanya kazi.

---

bintiPwani

Naongezea la ishara. Mdogo wangu anapigisha watalii mbizi Nungwi. Chini ya maji ukifanya duara kwa kidole gumba na cha shahada, vingine vitatu vimesimama, ndiyo OK, uko salama. Ukiinua dole gumba, hapo umesema tupande juu! Anasema kila wiki kuna mgeni anafurahia samaki, anainua dole gumba, na mwenzake anaanza kumvuta juu. Na kuna mgeni wa Brazil aliwahi kucheka sana alipofundishwa lile duara, kwao nchi kavu ni tusi.

---

Mtu wa Machame

Dada, hii nimeihifadhi. Sisi mlimani dole gumba ndilo "niko salama". Nikija huko kuzamia mtanipandisha kabla sijamwona samaki hata mmoja.

Ngoja nimalizie kwa lile nililosema mwanzo, la kudanganywa.

Neno hili lilipata kazi kubwa kubwa. Mei 1961 Alan Shepard aliporuka, Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu, msemaji wa shirika lao la anga, NASA, John "Shorty" Powers alirudia rudia redioni "A-OK", na watu wakaiokota. Tarehe 20 Julai 1969, chombo kilipogusa Mwezi, Buzz Aldrin alisema taa ya mguso imewaka, kisha, "Okay, engine stop." Neno la vijana wa Boston lilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza kutamkwa juu ya Mwezi. Lakini sikilizeni kazi yake pale. Halisemi kwamba Mwezi ni mzuri. Linasema hatua hii imekamilika, hakuna kinachozuia, twende inayofuata. Ndiyo kazi ya wapiga telegrafu ileile. Neno jepesi, tupu ndani, na kwa sababu ni tupu linabebeka popote.

Shida ni pale unapomwuliza mtu hali yake na akakupa chombo kitupu.

Usiku wa kwenda kileleni tunatoka kambi ya Barafu, zaidi ya meta 4,600, kwenye saa sita usiku. Giza, baridi, taa za kichwani zimepangana mlimani kama siafu wanaong'aa. Mwongozaji kila baada ya muda anapita kwenye mstari anauliza: "You OK?" Na kila mtu anajibu: "OK." Hewa ni haba, ulimi mzito, na neno hili halihitaji pumzi wala fikra. Linatoka lenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu, amefanya mazoezi mwaka mzima kwa ajili ya usiku ule mmoja. Nikamwuliza mara ya kwanza: "OK." Fupi, safi, kaniangalia usoni. Mara ya pili: "Okay." Macho yako chini kwenye mawe. Mara ya tatu alijibu "OK" kabla sijamaliza kuuliza. Ile ya tatu ilinikaa vibaya. Nilisimamisha mstari, nikachora mstari mwingine kwenye changarawe kwa ncha ya fimbo yangu, nikamwomba atembee juu yake, kisigino kiguse kidole. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu mguu ukaenda pembeni kama wa mlevi, na fimbo ikamponyoka. Alikuwa anavimba ubongo kwa ajili ya urefu wa mlima, wakuu, na mdomo wake bado ulikuwa unasema OK. Tulimgeuza palepale. Alilia, akanikasirikia, akasema tena na tena kwamba yuko OK. Nilimshika mkono kwenye changarawe ile hadi chini.

Tangu usiku ule sijawahi kuuliza tena swali linalojibiwa kwa OK. Wala vijana ninaowafundisha kazi siwaruhusu. Ninauliza: umekunywa maji kiasi gani tangu tulipopumzika? Kichwa kinakuuma wapi, nionyeshe kwa kidole. Mjukuu wako mdogo anaitwa nani? Mtu akishindwa jina la mjukuu, tunashuka, hata kama kilele anakiona.

Yule mama, kesho yake asubuhi kambini Mweka, alitoka kwenye hema akaja kukaa karibu na jiko la wapagazi, akaomba uji. Nikajisahau, nikamwuliza kwa mazoea, "You OK?" Hakujibu upesi. Alikunywa kwanza, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanihesabia: kichwa kimepoa, tumbo limetulia, miguu inauma, na moyo bado unauma kidogo kwa ajili ya kilele. Halafu akanyoosha kikombe aongezwe.

---

Mwalimu wa Zamu

Marahaba kijana wangu. Jumatatu nawasomea kidato cha tatu huu uzi, halafu nawapa kazi: waandike mazungumzo ya ukurasa mmoja, watu wawili, "haya" mara kumi, na kila moja iwe na maana yake.

---

Kaka Rungwe

Nimekuelewa mkuu, ingawa "waaw kay" bado naipenda. Nina swali moja la mwisho. Hiyo ya kisigino na kidole, ukimpima mtu akiwa amevaa viatu vizito vya mlimani si hata mzima anaweza kuyumba?

---

Mtu wa Machame

Anaweza, kaka. Ndiyo maana mwongozaji hutembea yeye kwanza kwenye mstari uleule, na viatu vyake vizito vilevile, mgeni akimtazama.